Ficheni majina ya watoto kabla ya kuwapa alama

Mashindano ya kuandika hadithi kwa Kiswahili ni jambo jema kwa watoto wetu wa huku Ghuba. Tatizo sisi tunajuana mno. Jaji akishaona jina, ashajua babu yake ni nani, na harusi ya juzi nani alimwalika nani hakumwalika. Haki itatoka wapi?

Karatasi iwe na namba tu, kama mitihani ya taifa kule kwetu. Tena ichapwe na mtu asiyekuwa jaji, maana hati ya mkono nayo hujulikana. Kila hadithi isomwe na majaji wawili, kila mmoja peke yake. Wakipishana zaidi ya alama 10 katika 100, asome wa tatu. Na kabla ya kuanza, wote wasahihishe hadithi tatu zile zile, kisha wakae waulizane: wewe umempa 80, mimi 55, kwa nini? Nimesahihisha insha miaka mingi. Ubishi wa saa moja namna hiyo huokoa lawama nyingi.

Lakini linaloniuma zaidi ni lugha. Tangu mkutano wa Mombasa wa 1928, Kiunguja ndio msingi wa Kiswahili sanifu. Sawa. Ila wengi wa watoto wa huku hawakukipata Kiswahili darasani, wamekipata jikoni kwa bibi. Bibi wa Lamu akisema "mato", mjukuu ataandika "mato", na jaji mwenye kalamu nyekundu atakata, aandike "macho". Mtoto huyo mwakani ataandika Kiingereza, basi.

Mohammed Ghassani, Mzanzibari aliyeko Ujerumani, alishinda Tuzo ya Mabati-Cornell mwaka 2015 kwa diwani yake N'na Kwetu. Tazama jina lenyewe: n'na, si nina. Tuzo kubwa imelikubali, sisi tumkatie mtoto wa miaka 12?

Mimi ningetoa 40 kwa hadithi yenyewe, 30 kwa sauti ya mwandishi, 20 mpangilio, tahajia 10, na waandaaji watangaze hivyo mapema. (Mama anayemwandikia mwanawe naye ana dawa: mtoto aisome mbele ya watu, aulizwe maswali mawili.)

Aliyekosa zawadi arudishiwe karatasi yake na mistari mitatu ya jaji, na hapo jina la jaji lisifichwe.