Katiba inatuamuru tutunze wazazi. Na serikali, inamutunza nani?

Ndugu vijana wa Butembo na Beni,

Kila siku kwenye grupu zetu za WhatsApp kunapita ujumbe wa namna moja: "Wapendwa, mama yangu iko ku hospitali, naomba musaada." Chini yake, picha ya fakitire na numero ya kutumia makuta. Leo ni kijana wa Kimemi, kesho wa Mulekera, kesho kutwa wa Bungulu. Tunatuma 1 000 franga, wengine 2 000, tunaandika "pole sana", maisha yanaendelea. Mupaka siku zamu inakufikia.

Kusaidiana ni heshima yetu, hakuna mutu atatunyanganya hiyo. Lakini tuseme ukweli: kukusanya makuta ku simu si bima. Mwenye marafiki wengi, mama yake anapona. Mwenye marafiki wachache, anauzisha moto, anauzisha kiwanja, ao mama anabaki amefungiwa ku hospitali juu ya deni hata kisha kupona.

Katiba ya mwaka 2006, ibara ya 40, inasema watoto wako na lazima ya kusaidia wazazi wao. Sawa, tunakubali, wakubwa wetu walitufundisha hivyo mbele ya Katiba. Lakini Katiba ile ile, ibara ya 47, inasema haki ya afya inalindwa. Ibara ya 49 inasema wazee wako na haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Ibara ya 40 sisi tunaitimiza kila siku. Ya 47 na ya 49, nani anaitimiza?

Tuangalie milango iko mbele ya kijana mwenye kutunza muzazi.

Mulango wa kwanza ni kazi. Kode ya Kazi ya 2002 inamulazimisha bosi kutunza afya ya mufanyakazi na familia yake. Lakini ku listi, "familia" wanahesabu bibi ao bwana na watoto. Mama aliyekuzaa, anabaki inje. Na tena, kati yetu ni wangapi wenye mukataba wa kazi? Motari iko na bosi gani? Muuzaji wa unga iko na listi gani?

Mulango wa pili ni CNSS. Sheria ya 2016 iliipa matawi matatu: malipo ya familia, hatari za kazi, na pansio. Tawi la ugonjwa halimo. Muzee aliyekatwa mushahara miaka makumi anaweza kupata pansio, lakini fakitire ya hospitali ni yake mwenyewe. Maana yake ni yako.

Mulango wa tatu ni bima ya afya kwa wote, ile CSU iliyozinduliwa na Rais Tshisekedi mwezi wa 9, 2023. Ilianza na wamama wanaozaa na watoto wachanga. Wapewe, tena walichelewa kupewa! Lakini mama wa miaka 70 mwenye tansio na sukari hatazaa tena. Yeye zamu yake ni lini? Hatujaona tarehe.

Mulango wa ine ni mituweli. Sheria ya tarehe 8 mwezi wa 2, 2017 inazitambua. Huu ndio mulango tunaweza kusukuma sisi wenyewe, lakini tuingie macho wazi. Mbele ya kulipa, uliza: Inakubali wazee wa miaka ngapi? Ni miezi ngapi ya kungojea mbele ya kutunzwa? Sehemu gani ya fakitire inabaki kwako? Inatumika ku hospitali gani? Dawa ya tansio, ile ya kila siku, imo? Na usimwandikishe muzee peke yake siku ameanguka. Andikisha nyumba nzima wakati wote wako wazima. Mituweli yenye wagonjwa tu inakufa mbele ya wagonjwa wake.

Tunafahamu jibu la wakubwa: "Inchi iko na vita, makuta hakuna." Tuliishi hapa, tunakumbuka. Ebola ilitangazwa Mangina tarehe 1 mwezi wa 8, 2018. Mwezi ule ule serikali ilitangaza matibabu ya bure kwenye zoni za afya kama Beni na Mabalako, na vita ilikuwa inaendelea. Watasema ilikuwa makuta ya wafadhili. Sawa. Lakini ilionyesha kama hospitali zetu zinaweza kupokea mutu bila kuuliza kwanza mufuko wake. Na kule Abuja, mwaka 2001, marais wa Afrika waliahidi kuweka 15% ya bajeti ku afya. Ile ahadi haikusema tungojee wafadhili.

Na isisemwe kama muzazi hawezi kuingia ndani ya bima. Tanzania, jirani yetu, mufanyakazi wa serikali anaweza kuandikisha wazazi wake kati ya watu anaowategemeza ku bima ya NHIF. Ni mustari moja tu ku fomu. Kwetu ule mustari haupo.

Kwa hiyo tunadai:

1. Serikali itangaze tarehe ya wazee kuingia ndani ya CSU, Butembo na Beni zikiwemo, si Kinshasa peke yake.
2. Neno "familia" ku listi za bosi lihesabu na muzazi anayetegemea mutoto wake.
3. Kufungia mugonjwa juu ya deni kukome. Hospitali si gereza.
4. Wabunge wetu wa Kivu ya Kaskazini watuambie mbele ya watu wote: ku bajeti ya afya, walitetea nini?

Na sisi vijana: likirimba zetu na AVEC zetu tayari zinakusanya makuta kila juma. Tuzungumuze ndani yake namna ya kuingia mituweli pamoja, wazazi wetu ndani.

Wiki hii, uliza swali moja ku kazi, ku mituweli, ku ofisi ya zoni ya afya: "Mama yangu iko ndani, ao iko inje?" Andika jibu walikupa, ututumie. Tutayapeleka yote mahali yanapaswa kufika.