Andikeni Jina la Aliyefuma

Kila tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, meza zinapangwa kambini: vikapu, mikeka, vitambaa vya kufuma kwa mkono. Wageni wanapiga picha, wananunua, wanaondoka. Karatasi iliyobandikwa mezani inataja mradi na mfadhili. Mama aliyefuma, mara nyingi hatajwi popote. Sisi vijana tunasema hilo limezoeleka tu, siyo haki.

Kuna wanaodhani kufuma ni kazi ya kupunguza mawazo, basi. Hao wamtazame Anni Albers. Alizaliwa Berlin mwaka 1899, familia yenye asili ya Kiyahudi. Kwenye shule ya sanaa ya Bauhaus alitaka karakana ya vioo, lakini wanawake walisukumwa kwenye ufumaji. Akafuma. Mwaka 1933 Wanazi waliposhika nchi, yeye na mumewe wakaenda Marekani. Mwaka 1949 jumba la MoMA, New York, likaonyesha kazi zake peke yake. Hakuna mfumaji aliyekuwa amepewa nafasi hiyo pale kabla yake.

Mwaka 1966 na 1967 akafuma "Six Prayers", yaani Sala Sita: vipande sita virefu kama mtu, vya pamba, kitani, nyuzi za maganda ya mimea na uzi wa rangi ya fedha. Ni kumbukumbu ya Wayahudi milioni sita waliouawa. Hakuna sura ya mtu ndani yake. Kuna nyuzi zinazopinda kama maandishi yasiyosomeka, na watu wanasimama mbele yake kimya.

Mama zetu nao wanachanganya ukindu na nyuzi za magunia, na wengi wao wamezika watu. Nani amewahi kuwauliza rangi ile wameichagua kwa nini?

Ndugu zetu wa mashirika, tunajua mtasema usalama: jina linaweza kumhatarisha mtu. Ni kweli kabisa. Basi mwenyewe aulizwe. Anataka jina lote, jina moja, au alama yake tu? Na bei ipangwe yeye akiwepo.

Juni ijayo tutapita meza kwa meza na kalamu na vibandiko. Asiyejua kuandika tutamwandikia, kama yeye atakavyotuambia.