Kabla ya fimbo, jiulize mtoto anatafuta nini

Mjadala wa viboko shuleni hauishi. Kanuni za Tanzania za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, tena kwa idhini ya mkuu wa shule. Nyumbani hakuna anayehesabu. Lakini fimbo haijibu swali la msingi: mtoto anatafuta nini? Huenda anataka kitu, anataka kuangaliwa, anakwepa kazi au anajituliza.

Wataalamu wa uchambuzi wa tabia huanzia hapo. Kwa wiki moja, andika mambo matatu: nini kilitangulia, mtoto alifanya nini, nini kilifuata. Akigaagaa dukani kisha akanunuliwa biskuti, amejifunza kwamba kugaagaa kunalipa. Mfundishe kuomba kwa neno au kidole, na msifu papo hapo. Ukiacha kuzawadia vilio, tarajia viongezeke siku za mwanzo. Ukilegea hapo, umemfundisha kulia zaidi.

Tabia ikibadilika ghafla, hasa kwa mtoto mwenye usonji asiyeongea, mpeleke kwanza kituo cha afya. Huenda jino au sikio linamuuma, na fimbo haitamfundisha kusema panapouma.