Maoni Yetu: Uliza nani ameshika funguo

Mtu wa Arua au Koboko hahitaji kufundishwa kwa nini fedha ivuke mpaka. Shilingi yetu, faranga ya Kongo na pauni ya Sudan Kusini hukutana hapa kila siku: Vurra, Oraba, sokoni Ariwara. Kijana akiambiwa kwamba USDT, sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola, inafika popote kwa dakika chache, ana sababu ya kusikiliza. Tunamwomba asikilize mpaka mwisho.

Mitandao ya sarafu hizi ina kikomo: Bitcoin hubeba takribani miamala 7 kwa sekunde. Ethereum, kwenye mnyororo wake mkuu wa kumbukumbu (blockchain), mwaka 2021 ilibeba kama 15. Watu wakizidi, ada hupanda. Mwaka huo zilikuwepo siku ambazo ada ya muamala mmoja wa Ethereum ilizidi dola 20, na mchuuzi wa muhogo hawezi kuibeba hiyo. Ndipo ikajengwa minyororo ya pembeni yenye ada nafuu, pamoja na madaraja, yaani programu za kuhamishia sarafu hizo (tokeni) huko. Shida ilikuwa ya kweli, na nafuu imepatikana.

Ila katika madaraja mengi tokeni yenyewe haivuki. Inafungiwa upande mmoja, na upande wa pili unapewa stakabadhi ya thamani ileile. Ni sawa na kumwachia mbadilisha fedha wa Arua shilingi zako ili mwenzake wa Ariwara akuandikie hati: sanduku la Arua likivunjwa, umebaki na karatasi.

Na madaraja yamevunjwa. Februari 2022 daraja la Wormhole liliibiwa zaidi ya dola milioni 300. Machi ikawa zamu ya Ronin, daraja la mchezo wa Axie Infinity: zaidi ya dola milioni 600. Funguo zake za siri za kidijitali zilikuwa 9, na 5 zilitosha kuidhinisha malipo. Nne zilishikwa na kampuni moja, kwa hiyo wezi walioingia humo walibakiza mmoja tu. Siku sita zilipita kabla ya wizi kugunduliwa. Agosti, kosa la programu likalifungua daraja la Nomad, zikatoka dola milioni 190. Wateja wa Wormhole waliokolewa na kampuni tajiri iliyojaza pengo. Mfanyabiashara wa Koboko asitegemee mfadhili wa namna hiyo.

Yapo madaraja yenye ulinzi bora. Daraja rasmi la Arbitrum au Optimism, minyororo ya pembeni ya Ethereum, hukungojesha takribani siku 7 kurudisha mali yako Ethereum, ili udanganyifu upate kupingwa. Muda huo una faida yake, na anayekuahidi dakika mbili mwulize anazipata wapi.

Benki Kuu ya Uganda, Aprili 2022, ilizikataza kampuni za malipo zenye leseni kubadilisha sarafu hizi kuwa pesa za simu, na mwaka 2023 Mahakama Kuu ikaitupa kesi ya kupinga katazo hilo. Hofu ya Benki tunaielewa: kampuni ya Dunamiscoins, iliyojinadi kwa sarafu za kidijitali, ilifunga milango mwaka 2019 na akiba za watu ndani. Lakini katazo limemwacha anayebadilisha mikononi mwa wakala asiye na leseni, na akidhulumiwa hana pa kwenda. Benki iweke masharti ya leseni. Pia ieleze hatari hizi redioni kwa Kilugbara, Kikakwa na Kiswahili. Hadi hapo, mtaji wa duka na karo ya watoto visipitishwe kwenye daraja ambalo washika funguo wake huwajui.