Umeme Kwanza, Rangi Baadaye

Rwanda haina hata kilomita moja ya reli. Mtoto wa Kabeza, hapa Kigali, huona ndege zikishuka uwanja wa Kanombe kutwa nzima, lakini treni huiona kwenye simu tu. Makubaliano ya kujenga reli ya kisasa kutoka Isaka, Tanzania, hadi Kigali yalifikiwa na marais wa nchi hizi mbili Januari 2018. Reli yenyewe bado tunaisubiri. Wenzetu wa Tanzania wanapanda treni ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma tangu 2024. Siku reli ikifika kwetu itataka mafundi, na fundi haandaliwi kwa wiki moja. Kwa hiyo tunasema wazi: klabu za sayansi na shule za ufundi za wilaya yetu ya Kicukiro zianze sasa kuunda vichwa vya treni vya mfano. Na zianzie pale vinapowashinda wengi, kwenye umeme.

Kichwa cha mfano cha kipimo cha 1:87 hupita juu ya reli zilizoachana milimita 16.5 na hutumia volti 12. Reli moja ni chanya, nyingine ni hasi, na magurudumu ndiyo yanayochukua umeme na kuupeleka kwenye mota. Kikizimazima njiani, lawama ya kwanza huangukia mota. Tunawaomba walimu wapige marufuku tabia hiyo. Gusisha nyaya mbili zenye umeme moja kwa moja kwenye mota. Ikizunguka vizuri, tatizo liko kati yake na reli, na hapo ndipo somo linapoanza.

Chesisi ngumu yenye magurudumu manne, ikikuta reli isiyonyooka sawasawa, hukaa kama meza kwenye sakafu ya udongo: miguu mitatu chini, mmoja juu. Upande mmoja unabaki na gurudumu moja tu la kuleta umeme, na chembe moja ya uchafu inatosha kuukata. Dawa yake ni kuacha ekseli moja icheze kidogo, ikiegemea katikati yake, ili magurudumu yote yafuate njia. Kisha umeme uchukuliwe kwenye kila gurudumu la chuma, hata la behewa linalofuata, kwa waya laini. Tunasisitiza kila gurudumu kwa sababu penye njia panda, kile kipande cha katikati kikiwa cha plastiki, kichwa kifupi hukwama papo hapo. Magurudumu ya kulia na ya kushoto yatengwe yasipitishiane umeme, la sivyo ni shoti.

Vibapa vya kugusa gurudumu havihitaji kuagizwa ng'ambo. Rilei za zamani zina vibapa vyembamba vya shaba vyenye springi nzuri, na mafundi wa redio wanazo. Kibapa kigandamizwe kiasi cha kutoachana na gurudumu. Kikizidi, kinakuwa breki. Pete za mpira ambazo wengine huvisha magurudumu ili yasiteleze tunazipinga kabisa, maana kila gurudumu lililovaa mpira limejitoa kwenye kazi ya umeme. Afadhali uzito. Nati za chuma ndani ya bodi hukandamiza magurudumu kwenye reli, na mguso unaimarika. Risasi ni nzito zaidi, lakini ni sumu. Isiwe mikononi mwa watoto.

Uchafu hauna mjadala mrefu. Kiangazi cha Juni hadi Agosti vumbi la Kigali linaingia kila mahali, basi reli na magurudumu vifutwe kwa kitambaa chenye spiriti ya duka la dawa, mbali na moto. Sanitaiza ya jeli huacha utando. Msasa huacha mikwaruzo inayokamata uchafu upya.

Wapo wanaokimbilia kapasita, ambayo huweka akiba ya umeme na kukivusha kichwa penye pengo. Ni kifaa kizuri, ila kije mwisho, baada ya magurudumu kufanya kazi yake. Tena pale mwelekeo wa treni unapobadilishwa kwa kugeuza chanya na hasi, kapasita ya kawaida ikiunganishwa moja kwa moja inaweza kupasuka. Lazima umeme upite kwanza kwenye dayodi nne.

Hayo yote yanakutana na treni kubwa. Ile ya Tanzania huchukua volti 25,000 kutoka kwenye waya wa juu kwa kipande cha kaboni kinachosukumwa kuugusa. Kikigusa kidogo mno, cheche zinaruka; kikikandamiza mno, waya na kaboni vinalika. Kisha umeme hurudi kupitia magurudumu na reli. Kijana aliyekipinda kibapa chake mpaka kikakaa sawa ataielewa kazi hiyo haraka.

Waandaaji wa maonyesho ya sayansi nao wabadilishe vipimo. Mwendo wa kasi haupimi chochote, kwa kuwa kasi huvusha kichwa kibovu juu ya pengo. Wakiambie kila kikundi kipitishe kichwa chake kwenye njia panda polepole, mita moja kwa dakika moja, kwenda na kurudi. Kichwa kitakachomaliza bila kusukumwa kwa kidole kipewe alama za juu, hata kama hakijapakwa rangi.