Mwalimu wa Muda Asiachwe Peke Yake

Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma, ikaamua kwamba elimu ya msingi kwa wote ifikiwe ifikapo 1977. Walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba wakaitwa, wakashika chaki huku wakijifunza ualimu kwa masomo ya posta, redio na uongozi wa walimu wazoefu. Wako waliowabeza kwa kuwaita "walimu wa UPE". Hata hivyo, kijana yule alikuwa na mlezi wa kumkosoa, na mbele yake aliona cheti na ajira.

Anayeanza leo kujitolea shuleni, awe Kigera hapo hapo Musoma au kwingineko, mara nyingi cheti anacho. Asichokuwa nacho ni njia. Posho yake hutegemea michango ya wazazi. Akikata tamaa na kuondoka katikati ya muhula, anayepata hasara ni mtoto.

Hapana budi apewe mwalimu mlezi, posho inayojulikana, na utumishi wake uandikwe na kuhesabiwa nafasi za ajira zinapotangazwa. Kujitolea ni sifa njema, lakini sifa haisongi ugali.