Gari likigeuzwa gereji, nani analikagua?

Barabara ya Tabora hadi Manyoni sasa ni lami tupu. Kipande cha Nyahua hadi Chaya, kilomita 85, kilichokuwa kikitesa magari kila masika, kilifunguliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan Mei 2022. Mwaka uliofuata Serikali ikaondoa zuio la mabasi kusafiri usiku. Njia ya misafara ya Bagamoyo na Ujiji imekuwa ya kasi, usiku na mchana. Tunaishangilia, lakini tunapiga kengele: mengi ya magari yanayoitumia si yale yaliyoandikwa kwenye kadi zake za usajili.

Litazame Fuso linalotoka Urambo na marobota ya tumbaku. Bodi imeongezwa kimo kwa mabomba ya chuma. Springi za nyuma zimeongezwa vyuma viwili vitatu ili zisilale. Chasisi imekatwa katikati na kuungwa kipande kingine ili gari lirefuke. Fundi aliyefanya kazi hiyo ni hodari, wala hatumbezi. Ila chuma cha chasisi hupoteza uimara wake pale moto wa kuchomelea ulipopita, na ufa huanzia pembeni mwa weldi, mahali ambapo rangi mpya imeshafunika. Springi nazo huzuia gari lisilale tu. Breki ni zilezile, ekseli ileile, tairi zilezile. Gari la tani 7 likipakiwa 12 na kushuka mteremko mrefu, breki hupata moto hadi dereva anakanyaga pedali bila kupata kitu.

Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe na vitambaa katika njia hii walikuwa na kipimo chao: takriban frasila mbili, kilo 30 na ushei. Aliyezidishiwa aligoma kuunyanyua mzigo, na ubishi uliishia palepale kambini. Lori hupakiwa chochote, na ubishi huja baada ya mazishi.

Sheria zipo. Ile ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuendesha gari bovu linalohatarisha watu. Mabadiliko ya injini, rangi au umbo yanapaswa kuonekana kwenye usajili wa Mamlaka ya Mapato, TRA. Sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza 2019, imeweka ukomo wa tani 56 kwa gari na mzigo wake, na tani 10 kwa ekseli moja yenye tairi nne.

Pengo liko kwenye ukaguzi. Tangu 2021, gari lililotumika likishushwa Dar es Salaam hukaguliwa na Shirika la Viwango, TBS, likiwa kama lilivyotoka Japani. Likishafika kwetu Tabora likakatwa na kuungwa, halitazamwi upya. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kina kituo cha ukaguzi chenye mitambo, lakini kiko Mabibo, Dar es Salaam. Nani atalitoa Fuso Kaliua alipeleke huko kupimwa breki? Trafiki wa Tabora amebaki na macho yake na stika ya Nenda kwa Usalama. Mizani ya Njuki, Singida, inapima uzito, weldi haiioni.

Na si malori peke yake. Kuna Noah zilizoongezwa benchi lisilo na mkanda, na magari yaliyofungwa spoti laiti zinazompofusha dereva wa basi saa nane za usiku.

Aprili 2018, kijijini Makomelo wilayani Igunga, basi liligongana na Fuso, watu 12 wakafa. Tunakumbusha ajali hiyo kwa sababu abiria anaweza kuchagua basi la kupanda, lakini hawezi kuchagua gari litakalokuja mbele yake.

Tunajua hoja ya wenye malori: mzigo ukipungua, nauli ya kila gunia inapanda, na mkulima ndiye anayelipa. Ni kweli, na gharama hiyo isidharauliwe. Lakini mkulima huyohuyo ndiye anayesafiri na basi kwenda hospitali.

Tabora ina karakana ya magari ya Serikali, TEMESA, na chuo cha ufundi cha VETA. Mashine ya kupima breki ifungwe hapo, mhandisi apewe mamlaka ya kuidhinisha au kukataa chasisi iliyounganishwa, na TRA isibadilishe kadi wala LATRA, mdhibiti wa usafiri wa ardhini, isitoe leseni bila cheti chake. Gereji inayorefusha chasisi isajiliwe, na jina lake ligongwe kwenye chuma ilichokiunga.

Hayo yatahitaji bajeti. Lisilohitaji bajeti ni hili: vipo vyama vya msingi vya tumbaku vinavyokodi malori. Kabla masoko hayajafunguliwa, Kamati ya Usalama Barabarani ya Mkoa ikae navyo wakubaliane kwamba lori lililoungwa chasisi au kuongezwa springi halipati mzigo hata wa robota moja mpaka likaguliwe.